Aliyeingia kwa Mlango wa Jikoni

Noboru alimaliza kukaza kisanduku cheupe juu ya jokofu, akashuka kwenye kiti, akajifuta mikono kwenye suruali kama alivyozoea tangu utotoni. Mama yake, Kikue, alikuwa amesimama kando ya sinki na kitambaa cha vyombo mkononi, moyoni anaomba amalize upesi, wali usije ukapoa.

"Sasa sikiliza, Mama. Kengele ya wezi unayo tangu mwaka jana, si ndiyo? Lakini ilikuwa peke yake. Ukisahau kuiwasha, imelala tu."

"Na mimi ndiyo huwa nasahau."

"Unasahau kwa makusudi."

Kikue akacheka, maana ilikuwa kweli. Kile kidude cha kubonyeza mlangoni kilimchosha, naye alikuwa amekiacha kikae na vumbi lake.

"Nimeiunganisha na nyumba nzima," Noboru akasema. "Taa, mapazia ya chuma ya madirishani, kamera, spika, vyote sasa vinaelewana. Ukitoka na simu yako, nyumba inajua umetoka, inajilinda yenyewe. Ukirudi, inatulia. Wewe huna la kufanya."

"Nikiacha simu nyumbani?"

"Usiache simu nyumbani."

"Haya, bwana mkubwa."

Noboru hakucheka. Alikuwa ameendesha gari kutoka Saitama tangu alfajiri. Vuli ile wezi walikuwa wanapanda mabonde ya kaskazini, wanaingia nyumba za wazee, na mzee mmoja wa bonde la jirani alikutwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya nyumba yake mwenyewe. Tangu aisikie habari ile Noboru hakulala vizuri. Akajirekodi sauti kali itakayomtisha mwizi, akaijaribu: *Umeonekana! Usisogee hapo ulipo! Polisi wanakuja!*

"Mungu wangu," Kikue akasema. "Kama marehemu baba yako akigombana na tumbili shambani."

"Swali la mwisho. Nyumba inafundishwa sura za watu, isiwapigie kelele. Yako ipo, yangu ipo, za mke wangu na watoto zipo. Kuna mtu mwingine anayeingia humu ukiwa hupo?"

Kikue alifikiri, tena kwa dhati. Mleta barua huacha vitu nje. Mtawa wa hekalu huja majira ya joto kusoma sala mbele ya madhabahu ya marehemu, lakini hapo Kikue mwenyewe huwa amepiga magoti nyuma yake.

"Hakuna," akasema.

"Hakika?"

"Nani aje humu nikiwa sipo? Tumbili?"

Hakusema uongo. Kijijini kwao anayeingia ni mtu wa mlango wa mbele. Huyo huita, huvua viatu, huinama, huwekewa mto wa kukalia na kumiminiwa chai. Mlango wa jikoni hauna wageni. Anayepita pale kapitisha mkono tu, kaacha kitu, kaondoka, na hakuna mwenye nyumba anayemhesabu, kama asivyohesabu upepo. Kwa hiyo Kikue hakumkumbuka Hatsu hata kidogo.

Hatsu alikuwa jirani wa ng'ambo ya shamba la figili, mjane kama yeye, aliyemzidi umri wa kutosha kumwita mdogo wangu. Kikue alipoletwa pale bibi harusi, Hatsu ndiye aliyemfundisha kutia figili chumvi, na kumeza neno mbele ya mama mkwe. Tangu mume wa Kikue afariki, kila alasiri Hatsu alisukuma mlango wa jikoni, akaweka bakuli la achari ya figili mezani, akapita hadi kwenye madhabahu kumwashia marehemu kijiti cha ubani, akachukua bakuli tupu la jana, akaenda zake. Kikue akiwepo walipiga soga. Asipokuwepo, Kikue alirudi akakuta harufu ya ubani, akajua Hatsu amepita.

Siku za mwanzo za mtambo mpya hakukutokea neno, kwa sababu Kikue aliugua mafua na hakutoka nje. Hatsu alikuja kama kawaida, na nyumba ikanyamaza kwa kuwa mwenyewe yupo.

"Lile jicho kule juu linanitazama nini?" Hatsu aliuliza siku moja, anaikunjia kamera uso.

"Ni Noboru huyo."

"Mwambie mimi nilimfuta kamasi. Anitazame kwa adabu."

Wakacheka mpaka Kikue akashikwa na kikohozi. Naye akadhani nyumba, kwa kuwa imemwona Hatsu siku zote hizo, imeshamzoea, kama mbwa anavyomzoea mtu.

Alipopona ikawa siku ya wanawake kukutana hekaluni kusali kwa sauti. Kikue alifungia simu mkobani na kuinyamazisha, maana mtawa mkuu hapendi simu zilie katikati ya sala. Walisali, wakanywa chai, wakazungumzia mkwe wa huyu na mgongo wa yule. Aliporudi kwa miguu, kwenye kona ya ghala la zamani, alisikia king'ora. Akafikiri ni gari la zimamoto. Kisha akaona watu wamesimama uwanjani kwake, na gari la polisi limeegeshwa juu ya kitunguu chake cha majani.

Nyumba ilikuwa kama kitu kilichofumba macho. Mapazia ya chuma yameteremka madirisha yote, taa zinawaka na kuzima kwenye nyufa. Alipokaribia simu ikatetemeka mkobani, king'ora kikakatika, mapazia yakaanza kupanda polepole, moja baada ya jingine, kana kwamba hapakuwa na lolote.

Jikoni, Hatsu alikuwa amepiga magoti sakafuni na bakuli la achari mapajani. Mlango nyuma yake haukuwa umefungwa. Angeweza kutoka wakati wowote. Lakini sauti ilimwambia asisogee, basi hakusogea. Sakafu chini yake ilikuwa imelowa, naye alikuwa ametandaza aproni juu ya magoti ili isionekane.

Askari alikuwa kijana aliyehamia juzijuzi kutoka upande wa pwani, hamjui huyu wala yule. Alichuchumaa mbele yake.

"Bibi, umeingiaje humu? Hii ni nyumba ya nani?"

Hatsu akainua uso. Aliwaona majirani mlangoni, akamwona Kikue anapenya katikati yao na mkoba kifuani. Wote pale walikuwa wamekwisha kusikia ile sauti, na wote waliijua ni ya nani. Mwana wa Kikue amemwitia Hatsu polisi. Neno kama hilo likitua kwenye nyumba, wajukuu hulikuta.

"Nimekosea mlango, baba," Hatsu akasema taratibu. "Uzee huu. Nilidhani nimeingia kwangu."

Wanawake mlangoni wakashusha pumzi. Kikue alielewa papo hapo amefanyiwa nini, naye akafanya kile ambacho mtu aliyestiriwa hufanya: akainama hadi kiunoni.

"Poleni kwa usumbufu, afande. Hakuna kilichoharibika. Dada yangu ametutisha tu."

"Sawa," askari akasema. "Ila mzee akipotea njia, utaratibu ni kuijulisha familia yake. Ana watoto?"

"Mmoja. Yuko Sendai," Hatsu akajibu mwenyewe, kwa heshima zote.

Kikue alimpeleka kwake, akampashia maji, akamsugua mgongo. Walipokaa na chai, rangi ikaanza kumrudia Hatsu.

"Ilipolia ile sauti," akasema, "nilidhani mumeo kafufuka ananigombeza nimechelewa na ubani."

"Dada, umemdanganya askari."

"Ningesema nini? Mwanao ana kazi yake, ana jina lake. Usije ukamgombeza. Kijana anayemhofia mama yake ni mtoto mwema." Akapuliza chai. "Mimi ni kikongwe. Kikongwe akikosea mlango nani atashangaa? Kesho watakuwa na jingine la kusema."

Kikue alirudi nyumbani na moyo mwepesi. Wepesi ule wa jioni ile ndio uliokuja kumuuma baadaye kuliko hata king'ora chenyewe.

Siku ya mapumziko wana wote wawili walifika. Noboru alikuja na boksi la keki za duka kubwa, amevaa suti. Seiji, mwana wa Hatsu, alikuja na mkewe. Kikue na Noboru waliingia kwa Hatsu kupitia mlango wa mbele, kwani walikwenda kuomba radhi. Kikue hakukumbuka mara ya mwisho kuvua viatu mahali pale. Ukumbi wa mbele wa Hatsu ulionekana kama wa mtu mwingine.

Noboru akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye mkeka.

"Nisamehe, Mama Hatsu. Nilikuwa kazini, simu ikanionyesha mtu kwa nyuma, ana kilemba na kapu. Nilimpigia Mama hakupokea. Nikaogopa, nikawaita polisi. Sikujua ni wewe."

"Inuka, mwanangu, utajikunja suti."

"Sisi ndio wa kuomba radhi," Seiji akasema, naye akainama. "Mama amewasumbua." Kisha, akiwa bado anatazama chini, "Noboru, zile picha unazo? Naomba nione."

Noboru hakujua namna ya kukataa. Akatoa simu. Seiji na mkewe walimtazama Hatsu amepiga magoti kwenye mwanga unaowaka na kuzima, midomo inacheza, anasali, analikumbatia bakuli. Mke wa Seiji akaziba mdomo kwa kiganja.

"Na sufuria ile ya majira ya kuchipua," akamnong'oneza mumewe. "Iliyoungua."

Kila mwanamke kijijini ameunguza sufuria. Kikue mwenyewe alishaunguza mbili.

Seiji akamgeukia mama yake. Hakuwa mtu mbaya. Macho yalikuwa mekundu. "Mama, niambie kweli. Ulidhani uko nyumbani?"

Hatsu alimtazama Noboru, aliyekuwa amerudisha paji la uso kwenye mkeka. Kisha akamtazama Kikue, kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Neno lilikuwa pale ulimini. *Hakupotea. Alikuja kwangu, kama kila siku.* Maneno mepesi ya kusema ukiwa jikoni. Lakini Kikue aliona shingo ya mwanawe, ile shingo iliyonyolewa vizuri kwa ajili ya safari hii, akafikiri kwamba akisema hayo atakuwa amemwita Hatsu mwongo mbele ya mwanawe, na amemvua Noboru nguo mbele ya wote. Akafikiri, nitasema baadaye, nikiwa na Seiji peke yetu, kwa utulivu. Akainamisha kichwa.

"Ndiyo," Hatsu akasema. "Nilichanganyikiwa kidogo."

Njiani kurudi, Noboru alibonyezabonyeza simu. "Nimeshamsajili, Mama. Sura yake imeingia. Sasa anaweza kuja saa yoyote, nyumba haitamgusa."

"Vizuri," Kikue akasema.

Hatsu hakuja siku iliyofuata, wala ile nyingine. Kikue alikwenda yeye kwa mlango wa jikoni, akamkuta mke wa Seiji anapanga nguo kwenye maboksi. Kumbe kuna nyumba ya wazee karibu na kwao Sendai. Watu hungoja nafasi hata miaka, na nafasi moja ilikuwa imepatikana. Walitaka kumhamisha kabla theluji haijafunga barabara.

Kikue hakulala. Kulipopambazuka alipiga magoti mbele ya madhabahu, akawasha ubani, akamtazama marehemu pichani, akaomba apewe ulimi. Kisha akavuka shamba la figili na umande wake, akamkuta Seiji anafunga kamba kwenye gari.

"Seiji, mwanangu. Nina neno."

"Karibu, Mama mdogo."

"Mama yako hakupotea siku ile. Huingia kwangu kila siku, kwa mlango wa jikoni. Huleta achari, humwashia baba Noboru ubani. Alijua kabisa yuko wapi. Alisema vile kwa askari ili kumfichia aibu Noboru. Nami nikanyamaza. Kosa ni langu, si lake."

Alisema yote, bila kumumunya.

Seiji aliacha kamba, akasimama vizuri, akainama kwa heshima kubwa kabisa.

"Asante, Mama mdogo. Sitasahau."

"Usinishukuru. Nakwambia kweli."

"Najua. Jana mwenye duka naye kaniambia Mama yuko timamu kuliko yeye. Mzee wa ghala kaniambia hivyohivyo. Mama amekaa na watu wema, kila mmoja anamstiri." Akajifuta jicho kwa kiwiko. "Ndiyo maana inaniuma kumtoa hapa. Lakini siku nyingine huenda asiingie kwenye nyumba ya mtu mwema. Huenda akaingia barabarani."

Kikue akamshika mkono wa koti. "Muulize mwenyewe, basi! Muulize sasa hivi!"

"Nimemuuliza mara nyingi," Seiji akasema kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. "Anasema yaleyale aliyomwambia askari."

Ndani, Hatsu alikuwa ameketi katikati ya maboksi, amevaa koti la safari.

"Dada, mwambie," Kikue akasema. "Mimi nimesema, haniamini. Sema wewe."

"Niseme nini sasa? Nilishamwambia askari, nikamwambia na yeye, mbele yako. Nikigeuza neno leo ndiyo nitaonekana nimechanganyikiwa kweli." Akatabasamu kidogo. "Tumejifunga wenyewe, mdogo wangu. Na fundo zuri."

"Ningesema siku ile. Ulinitazama."

"Nilikutazama." Hatsu akanyoosha mkunjo wa koti. "Ulikuwa na mwanao wa kulinda. Nami ninaye wangu. Ukisikia anavyojilaumu usiku kwamba ameniacha peke yangu! Acha aniweke karibu, labda atalala. Nitolee zile figili pipani, zisije zikaoza."

Gari likaondoka. Alasiri ile Kikue alikaa jikoni, akausogeza mlango akauacha wazi kiasi, baridi ikaingia hadi usiku. Hakuna aliyeusukuma. Noboru alipiga simu kuuliza kwa nini nyumba inamwambia mlango wa jikoni uko wazi. Kikue akamwambia anapunga hewa, akaufunga. Hakumsimulia mwanawe, wala mpaka leo Noboru hajui. Kila akija huuliza, Mama Hatsu anaendeleaje, mwisho wa wazazi wetu wote ndio huo, uzee ni mbaya. Na Kikue humpakulia wali.

Theluji ilipoyeyuka akapanda basi kwenda Sendai. Nyumba ya wazee ilikuwa safi, ina joto, ina maua ya karatasi ukutani. Hatsu alikuwa amekatwa nywele fupi kama mtoto wa shule. Alikuwa amekonda, lakini mikono ilikuwa ileile, naye alimtambua Kikue tangu mbali.

"Nilidhani umekufa," akasema.

"Nani angekula achari yako?"

"Hapa wanatupa achari haina chumvi. Wanasema presha. Nikawaambia presha yangu ni hii achari."

Walicheka. Kikue akamfungulia kopo alilolificha kwenye mkoba, Hatsu akatafuna kipande cha figili amefumba macho, anamchungulia mhudumu kwa pembeni. Wakawasema wa kijijini mmoja mmoja, hai na marehemu. Hatsu aliwakumbuka wote. Kikue alimsikiliza na kila jina alilotaja sawasawa lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa ushahidi, na hapakuwa na wa kuupokea.

Kisha Hatsu akatazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu ila ukuta wa jengo jingine.

"Kikue."

"Naam, dada."

"Siku ile. Ile ya kelele." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeuliza jambo la aibu. "Hapa kila anayekuja kunipima ananiuliza, nami namjibu vilevile. Nimelijibu mno hata silioni tena vizuri. Nilikuwa nakuja kwako, au nilikuwa narudi kwangu?"

Kikue akamshika mikono yote miwili.

"Ulikuwa unakuja kwangu. Ulileta achari. Ulikuwa unakwenda kumwashia ubani baba Noboru. Hukupotea, dada. Hukupotea hata kidogo."

Hatsu alimtazama usoni, akiyapima maneno yale, kama alivyokuwa akimtazama zamani bibi harusi aliyezidisha chumvi. Kisha akampigapiga mkono kwa upendo.

"Wewe," akasema, "siku zote una adabu."